Bourbon, Frenchmen, ukumbi wa tiketi au baa ya mtaani: uchague wapi usiku wa New Orleans

Anayefika New Orleans kwa usiku mmoja au miwili, awe ametokea Houston kwa gari (kilomita 560 hivi kwa barabara ya I-10) au ameshuka kwenye ndege, hukutana na swali moja: muziki uko wapi? Asiye na mwenyeji hupelekwa na miguu yake Bourbon Street, kwa kuwa ndipo taa zilipo. Wengi huondoka hapo asubuhi wakiamini wameusikia muziki wa mji huu, kumbe wamesikia nyimbo zile zile zinazopigwa baa yoyote ya Marekani. Inasikitisha, maana muziki wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka pale.

Kipimo cha kuchagulia ni kimoja, na kinafaa kuliko kusoma orodha ya baa hamsini: mwanamuziki wa hapa analipwa na nani, na kwa njia gani? Bourbon, kwa sehemu kubwa, baa huweka bendi ili mpita njia aingie na kununua kinywaji. Frenchmen Street, bendi hupata fungu la mauzo ya kaunta na kile ambacho wasikilizaji wanatumbukiza kwenye ndoo. Kwenye kumbi kama Preservation Hall, Snug Harbor na Tipitina's, umelipa tiketi, kwa hiyo bendi inapiga kwa ajili yako uliyekuja kusikiliza. Na katika baa za mitaani, bendi inawapigia majirani zake. Njia hizi nne hutoa usiku wa aina nne tofauti kabisa.

Saa zote humu ni za Kiswahili: tangazo la mlangoni likiandika 10 p.m., hiyo ni saa 4 usiku.

Bourbon Street

Barabara hii huanzia Canal Street na kuikata French Quarter yote, mtaa mkongwe wa mji huu, hadi Esplanade Avenue. Kelele ziko nusu ya kwanza, kutoka Canal hadi karibu na St. Ann, ukivuka hapo mambo hutulia ghafla na nyumba za kuishi zinaanza. Jioni magari huzuiwa na barabara yote huwa ya watembea kwa miguu. Sheria ya mji inaruhusu kutembea na pombe mkononi ilimradi chombo kisiwe cha glasi, ndiyo maana kila mlango una rundo la vikombe vya plastiki: unamiminiwa kilichobaki, unaendelea na safari.

Jambo linalowaangusha wageni ni saa. Hakuna saa ya kisheria ya kufunga baa New Orleans. Mtu aliyezoea mji ambao taa zinawashwa saa 8 usiku na watu kutolewa nje, hapa hukosa wa kumwambia inatosha. Ongeza na ukubwa wa vinywaji. Hurricane ya Pat O'Brien's, baa ya St. Peter Street hatua chache kutoka Bourbon, huwekwa karibu mililita 120 za rum. Kipimo cha kawaida cha pombe kali Marekani ni mililita 44, hivyo glasi moja ni zaidi ya vipimo viwili na nusu, na sukari ya juisi inaficha ukali wote. Ukinywa mbili kwa saa moja umekunywa zaidi ya vipimo vitano. Hand Grenade, kile kinywaji cha kijani cha Tropical Isle kinachouzwa katika chupa ndefu ya plastiki, kina tabia hiyo hiyo. Kunywa moja, kisha maji, kisha ule kitu.

Muziki wa Bourbon ni wa kopi: roki ya miaka ya 80, kantri, nyimbo za redioni, zinazopigwa na wanamuziki wazuri kwa zamu ndefu za saa kadhaa. Uwezo wanao. Mfumo ndio unaowafunga: mpita njia lazima autambue wimbo kabla hajapita mlango, la sivyo haingii. Kwa kundi la marafiki wanaotaka kuimba kwa pamoja, hilo si baya hata kidogo. Ndani ya Pat O'Brien's kuna chumba chenye piano mbili. Unaandika jina la wimbo kwenye karatasi, unaweka dola kadhaa juu yake, unapeleka jukwaani, na ukumbi mzima unaimba. Kwa sherehe ya kumuaga bwana harusi au siku ya kuzaliwa, hapo panatosha.

Katikati ya kelele hizo zimo nyumba chache za jazi ya kweli. Fritzel's, namba 733, ipo tangu 1969: chumba chembamba, mabenchi yaliyobanana, bendi ya jazi ya jadi karibu na pua yako. Hakuna tiketi, unatakiwa kununua kinywaji kwa kila seti, yaani kila kipindi ambacho bendi hupiga kabla ya kupumzika. Maison Bourbon nayo imeshikilia jazi ya jadi. Ukiwa na usiku mmoja tu na wenzako wameng'ang'ania Bourbon, waingize Fritzel's saa 3 usiku kabla hawajachoka. Lafitte's Blacksmith Shop, namba 941, jengo la matofali la karne ya 18, ina mpiga piano nyuma na mishumaa. Huko ni kwa mazungumzo.

Hasara za Bourbon zinajulikana na zinaepukika. Mtu akikwambia, "Naweka dau najua viatu hivyo umevipatia wapi," usijibu, endelea kutembea. Jibu lake ni kwamba umevipata miguuni mwako, hapa Bourbon Street, kisha atadai dola 20 na wenzake watatokea. Wahudumu wanaopita na vichupa vyembamba vya pombe ya rangi wakikuchezea hawakupi zawadi: kila kichupa kinalipiwa, na bakshishi juu yake, kwa hiyo uliza bei kabla hakijagusa mdomo. Tangazo la tatu kwa bei ya moja mara nyingi humaanisha vikombe vitatu vyenye pombe nyepesi kwa bei ya kimoja kilichopandishwa. Usiache kadi yako kaunta huku ukihamahama. Lipa kila kinywaji papo hapo. Na usikojoe uchochoroni kwa namna yoyote. Polisi hukamata, na kwa asiye raia, kukamatwa kwa jambo dogo kunaweza kuzua maswali makubwa ya viza baadaye. Vyoo vya baa ni vya wateja, hivyo nunua chupa ya maji, utumie choo kwa heshima.

Tangu shambulio la gari la alfajiri ya tarehe 1 Januari 2025, lililoua watu 14 hapo Bourbon, suala la vizuizi na ulinzi limechukuliwa kwa uzito mwingine. Acha begi kubwa hotelini, upite bila usumbufu.

Frenchmen Street

Ng'ambo ya Esplanade, katika mtaa wa Faubourg Marigny, ndipo ilipo Frenchmen. Sehemu yenye klabu haifiki hata mita 400, na ufupi huo ndio utajiri wake. Ndani ya mita hizo ziko The Maison, Bamboula's, Blue Nile, Three Muses, Café Negril, d.b.a., The Spotted Cat na Snug Harbor, karibu zikigusana mabega. Madirisha na milango hubaki wazi. Unasimama nje, unasikiliza nyimbo mbili, unaamua. Hakuna mji mwingine Marekani unaokupa uhuru wa kuonja kiasi hicho bila kulipa, na anayefika hapa akaingia mlango wa kwanza bila kutembea barabara yote kwanza amejinyima.

Tofauti zake ni hizi. The Spotted Cat, namba 623, ni kijumba chenye nafasi ndogo ambapo bendi mbili hadi tatu hupokezana kwa siku, kuanzia alasiri. Jazi ya jadi na swing ndiyo kazi yake. Mbele ya jukwaa huwa na wachezaji wa swing wanaojua wanachofanya, kwa hiyo usiweke kikombe wala begi sakafuni pale. Sharti ni kinywaji kimoja kwa kila seti, na soda au maji yanahesabika. d.b.a., upande wa pili wa barabara, ina bia nyingi nzuri na whisky, jukwaa lenye sauti safi, na kiingilio cha dola 10 hadi 20 kutegemea nani anapiga. Kwa maoni yetu ndipo mahali pa kwanza kuangalia ratiba, kwa sababu kiingilio huwachuja wanaokuja kupiga soga tu. Three Muses ni kwa chakula cha jioni na muziki wa chini. Weka nafasi mapema. Café Negril huelekea zaidi reggae na funk. Blue Nile ina ghorofa mbili na huchangamka usiku mkubwa kwa bendi za matarumbeta na funk. Bamboula's na The Maison ni kubwa na huingilika kwa urahisi, lakini wikiendi husongamana.

Kisha kuna kona ya Frenchmen na Chartres, ambako jioni nyingi vijana hujipanga na tromboni, tarumbeta, tuba na ngoma mbili, bila jukwaa wala spika. Hapo ndipo unapoelewa mji huu unazalisha vipi wapigaji: wanajifunza barabarani, mbele ya watu, kwa sauti ya juu, na anayeyumba anasikika. Bendi ya matarumbeta huhitaji tuba kubeba besi, ngoma kubwa na ngoma ndogo zilizo mikononi mwa watu wawili tofauti, na angalau tromboni mbili. Ukisikia ngoma kubwa ikichelewesha pigo la nne kidogo na watu wote wakajikuta wanainua magoti, umesikia New Orleans.

Sasa suala la ndoo. Baina ya nyimbo, mmoja wa wanabendi, au rafiki yao, hupita na ndoo au mtungi. Huo si uombaji, ni mshahara. Anayejua kumtunza mwimbaji wa taarabu hahitaji kufundishwa, isipokuwa hapa pesa haziwekwi kwenye paji la uso wala hazirushwi. Zinaingia kwenye ndoo. Kiwango cha adabu ni dola 5 kwa mtu kwa kila seti uliyokaa, dola 10 ukiomba wimbo. Beba noti za dola moja na tano kutoka benki, kwa sababu mashine za pesa ndani ya baa hukata ada kubwa na hutoa noti za 20 tu. Bendi nyingi huweka msimbo wa kulipia kwa simu, lakini programu hizo huhitaji akaunti ya benki ya Marekani, hivyo mgeni kutoka Nairobi au Muscat abaki na noti.

Kinachoharibika Frenchmen ni Ijumaa na Jumamosi baada ya saa 4 usiku. Umati unajaa hadi huwezi kuinua mkono, makundi kutoka Bourbon yamekwisha kufika, na watu hupiga kelele juu ya bendi. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku zake. Fika saa 12 jioni, keti au simama ukutani karibu na jukwaa, sikiliza seti mbili, kula, kisha rudi saa 4. Ikiwa lazima iwe Jumamosi, nenda alasiri.

Kutoka katikati ya French Quarter ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Pita Decatur Street, yenye taa na watu, usikate vichochoro vya nyuma usiku wa manane. Kurudi baada ya saa 7 usiku, ita gari. Bei yake ni ndogo kuliko simu mpya.

Kumbi za tiketi

Preservation Hall, 726 St. Peter Street, ilifunguliwa 1961 ili wazee waliokuwa wakipiga jazi ya jadi wapate pa kupigia. Chumba ni kidogo, kuta hazijapakwa rangi kwa miaka mingi, hakuna jukwaa la maana. Maonyesho ni kadhaa kila usiku, kila moja dakika 45 hivi. Hakuna pombe inayouzwa, na watoto wanaruhusiwa. Kwa familia, na kwa msomaji asiyetaka kukaa mahali pa pombe, huu ndio muziki bora wa usiku anaoweza kuupata French Quarter, na tungemwelekeza hapa kabla ya mahali pengine popote. Tiketi hununuliwa mtandaoni mapema, takriban dola 25 hadi 50, na za kukaa ni ghali kuliko za kusimama. Anayefika mlangoni Jumamosi bila tiketi hurudi mikono mitupu. Kupiga picha au video muziki ukiendelea hakuruhusiwi, na wanasimamia hilo kweli. Bango lao maarufu la zamani liliweka bei za kuomba nyimbo, na wimbo wa watakatifu wanaoandamana, ambao kila mtalii huuomba, ndio uliokuwa ghali kuliko zote. Kasoro moja: aliye nyuma katika nafasi za kusimama huona visogo zaidi ya tarumbeta. Ukiwa mfupi au una mzee, lipia kiti.

Snug Harbor, namba 626 Frenchmen, ni ya jazi ya kisasa na ya kukaa kimya. Ellis Marsalis, mpiga piano na mwalimu aliyewalea wanamuziki wengi wa mji huu wakiwemo wanawe, alipiga hapo kwa miongo hadi karibu na kifo chake mwaka 2020. Kwa kawaida kuna maonyesho mawili kwa usiku, la jioni na la usiku zaidi. Chagua la pili: wapigaji wamepasha misuli, na mara nyingi wanamuziki wenzao waliomaliza kazi jirani huingia na vyombo vyao. Chumba cha muziki na chumba cha chakula ni tofauti, hivyo kula kwanza. Ukichelewa mezani, seti haikusubiri.

Tipitina's, kona ya Napoleon Avenue na Tchoupitoulas, ni ukumbi mkubwa wa kusimama uliofunguliwa 1977 na kupewa jina la wimbo wa Professor Longhair, mpiga piano ambaye sanamu yake ipo mlangoni. Tangu 2018 unamilikiwa na wanabendi wa Galactic, yaani wanamuziki wenyewe. Hapa utasikia funk, matarumbeta na bendi zinazozunguka nchi. Mpangilio wa sauti ni mzuri kuliko kumbi zote zilizotajwa humu, lakini hakuna viti vya kutosha, kwa hiyo viatu virefu viache. Iko kama kilomita tano kutoka French Quarter. Panga gari la kurudi kabla umati haujatoka wote kwa pamoja, kwani bei za programu za usafiri hupanda dakika hiyo hiyo.

Baa za mitaani

Hapa ndipo mapenzi yetu yalipo, na hapa ndipo mgeni hufika kwa nadra. Faida ni tatu: bia ya dola 4, kiingilio kidogo, na bendi inayopiga bila kuwaza kumfurahisha mtalii. Gharama ni usafiri na adabu.

Maple Leaf Bar, 8316 Oak Street, ilifunguliwa 1974. Kwa miongo mingi Jumanne zake zilikuwa za Rebirth Brass Band, bendi iliyoanzishwa 1983 na ndugu Philip na Keith Frazier pamoja na Kermit Ruffins na kupata Grammy mwaka 2012. Ndani kuna dari la bati lenye nakshi na chumba chembamba ambacho tuba hukitetemesha hadi kifuani. Beba vizibo vya masikio, vya dola mbili kutoka duka la dawa, uviweke kabla ya seti ya kwanza maana baada yake masikio yameshapata kazi. Muziki huchelewa kuanza, pengine saa 4 au 5 usiku, hivyo lala kidogo jioni. Usafiri wa kwenda ni raha yenyewe: tramu ya St. Charles kutoka Canal, dola 1.25, chini ya matawi ya mialoni hadi Carrollton na Oak, kisha dakika tatu kwa miguu. Tenga dakika 45 hadi 60. Kurudi usiku wa manane tramu hupita mara chache, kwa hiyo rudi kwa gari.

Tremé ni mtaa wa kihistoria wa Weusi, nyuma tu ya French Quarter. Ndani ya Armstrong Park ipo Congo Square, uwanja ambao watumwa wa Kiafrika walikusanyika Jumapili kupiga ngoma na kucheza, na ambao amri ya mji ya mwaka 1817 iliufanya kuwa mahali pekee pa mikusanyiko hiyo. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu apite hapo mchana, asome bango, kisha jioni aende Kermit's Tremé Mother-in-Law Lounge, 1500 North Claiborne. Baa hiyo ilikuwa ya mwimbaji Ernie K-Doe, ambaye wimbo wake kuhusu mama mkwe ulishika namba moja Marekani mwaka 1961. Kermit Ruffins aliifungua upya 2014. Kuta zake zimejaa michoro ya rangi, na mbele yake inapita barabara ya juu ya I-10, iliyojengwa miaka ya 1960 ikaua safu za mialoni na maduka ya Weusi ya Claiborne. Kermit mwenyewe akiwepo anapiga tarumbeta, na mara nyingi anapika. Jumatatu ni siku ya maharage mekundu na wali mjini kote, na baadhi ya baa hutoa sahani bure kwa mteja. Ukipewa, tia dola kadhaa kwenye mtungi wa bakshishi. Nenda na kurudi kwa gari, mlango hadi mlango.

Kwa anayetaka kucheza dansi hasa, Rock 'n' Bowl ya South Carrollton Avenue inaishinda Frenchmen bila shaka. Ni ukumbi wa kuchezea bowling wenye jukwaa kubwa na sakafu pana ya dansi. Alhamisi zake zimekuwa za zydeco, muziki wa Wakrioli wa kusini-magharibi mwa Louisiana: akodioni na bati la kukwaruza linalovaliwa kifuani. Hucheza wawili wawili, mdundo hauachii, na wenyeji wazee watakuomba dansi na kukufundisha hatua ndani ya wimbo mmoja. Ukikataa kwa upole hakuna anayekasirika.

Kwenye baa hizi usisimame katikati ya mlango na simu ukirekodi, nunua angalau kinywaji kimoja kwa seti, salimia aliye kaunta. Anayeingia akisalimia watu hupokelewa kwa namna nyingine kabisa.

Pesa, kwa mtu mmoja

Bei hubadilika, lakini uwiano haubadiliki sana. Usiku wa Frenchmen: vinywaji vitatu kwa dola 7 ni 21, bakshishi ya kaunta dola 4, ndoo mara tatu 15, kiingilio kimoja 10, jumla dola 50. Bourbon, vinywaji vitatu vikubwa kwa dola 14 ni 42, bakshishi 8, na chakula cha haraka cha saa 7 usiku 15. Tayari 65, na bado hujampa mwanamuziki kitu. Preservation Hall: tiketi 35 na ndiyo hiyo. Baa ya mtaani: bia tatu 12, bakshishi 3, kiingilio 15, ndoo 5, dola 35, kisha gari la kwenda na kurudi ambalo mkiwa wanne halizidi dola 15 kwa kila mmoja. Kumbuka kodi ya takriban asilimia 10 haipo kwenye bei iliyoandikwa. Bakshishi ya mhudumu ni dola 1 hadi 2 kwa kinywaji, asilimia 20 kwa bili yenye chakula. Mshahara wake wa saa ni mdogo sana na anaishi kwa hiyo.

Mlangoni

Umri wa kunywa ni miaka 21. Louisiana inaruhusu mwenye baa kuwaingiza wa miaka 18 hadi 20 bila kuwauzia pombe, ila wengi wa Frenchmen hukataa, kwa hiyo kundi lenye kijana wa miaka 19 lipige simu kwanza au lichague Preservation Hall. Baunsa huangalia kitambulisho cha kila mtu, hata mwenye mvi. Leseni ya udereva ya jimbo lolote la Marekani inatosha. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au Tanzania mara nyingi hakikubaliki, na picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliki kabisa. Beba pasipoti halisi kwenye mfuko wa ndani wenye zipu. Iliyokwisha muda haifai, hata kama sura ni yako. Uvutaji sigara ndani ya baa umekatazwa tangu Aprili 2015.

Basi uchague

Usiku mmoja, watu wawili, wapenzi wa muziki: Preservation Hall jioni, kisha mtembee hadi Frenchmen, mmalizie d.b.a. au seti ya pili ya Snug Harbor. Kundi la watu wanane wanaosherehekea: Pat O'Brien's na Bourbon hadi saa 4, Fritzel's njiani, basi. Familia yenye watoto: Preservation Hall na kona ya Chartres kabla ya saa 3. Usiku mitatu: Frenchmen siku ya katikati ya wiki, Alhamisi Rock 'n' Bowl, na mmoja Oak Street au Tremé. Bourbon mtaiona mkipita, na inatosha.

Majira nayo yana neno. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati wa Jazz Fest, tamasha kubwa la muziki la mji huu, kumbi huwa na ratiba ya ajabu hadi alfajiri, lakini hoteli hupanda bei na tiketi za Tipitina's huisha mapema. Julai na Agosti joto na unyevu ni wa kukosesha pumzi, mvua hushuka kila alasiri, vyumba ni rahisi, na baadhi ya bendi kubwa zimesafiri Ulaya. Oktoba na Novemba hali ya hewa ni nzuri na wapigaji wako nyumbani. Kama una uhuru wa kuchagua, chagua hapo.

Ratiba ya kuaminika ni ya redio ya jamii WWOZ, 90.7 FM, ambayo huorodhesha kila siku nani anapiga wapi na kuisoma hewani. Iangalie siku hiyo hiyo mchana, maana bendi hubadilishana nafasi. Redio hiyo hiyo hutangaza njia za maandamano ya Jumapili mchana ya vilabu vya mitaani, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Juni: bendi ya matarumbeta mbele, mtaa mzima nyuma, karibu saa nne za kutembea na kucheza, bila kiingilio. Vaa raba, beba maji na noti ndogo za kununulia vyakula vinavyouzwa njiani, na gari uliache mbali na njia, kwani likizibiwa na umati hulitoi hadi ngoma ya mwisho ipite.